Muda wa mitandaoni: hesabu unavyoingia kabla ya kuhesabu unavyokaa

Ukimuuliza mtu anakaa mitandaoni muda gani kwa siku, atakujibu bila kusita, na mara nyingi jibu lake litakuwa mbali na ukweli. Hakusudii kudanganya. Mwaka 2021 watafiti walioongozwa na Douglas Parry walikusanya tafiti nyingi zilizolinganisha muda ambao watu walisema wanautumia na muda uliorekodiwa na vifaa vyao. Wakakuta maneno na rekodi haviendani vizuri: wapo wanaozidisha, wapo wanaopunguza, na wanaopatia ni wachache. Sababu haiko mbali. Nusu saa ya kukaa kwenye kiti ukitazama video utaikumbuka. Dakika 2 za kwenye foleni, dakika 3 kabla ya kuoga, dakika 1 ukisubiri lifti, hizo hazina pa kushika kwenye kumbukumbu, na ndizo nyingi.

Kwa dunia nzima, ripoti za DataReportal, tovuti ya takwimu za intaneti, za miaka ya karibuni zimekuwa zikitaja wastani wa saa 2 na dakika 20 hivi kwa siku kwenye mitandao ya kijamii kwa mtumiaji wa intaneti. Piga hesabu: dakika 140 mara siku 365 ni dakika 51,100, yaani saa 851 na ushei. Hizo ni siku 35 na nusu, usiku na mchana bila kufumba jicho. Ukiondoa saa 8 za usingizi kila siku, zinafika siku 53 za kuwa macho kwa mwaka. Haba na haba imejaza kibaba, na kibaba chenyewe kinakaribia miezi 2.

Hata hivyo wastani wa dunia hautakusaidia kupanga Jumanne yako. Unahitaji namba zako mwenyewe, na ile yenye manufaa zaidi si ile ambayo wengi huikimbilia.

Pima wiki nzima bila kubadili kitu

Tangu 2018 simu zenyewe zina kipimo. Kwenye Android fungua Mipangilio, kisha Nidhamu Dijitali (Digital Wellbeing). Kwenye iPhone kipimo kinaitwa Screen Time, nacho kiko ndani ya mipangilio vilevile. Kiwashe, kisha ishi kama kawaida kwa siku 7 kamili. Usijizuie ili namba zipendeze, maana utakuwa unapima wiki ambayo si yako. Siku 7 zinatakiwa kwa sababu siku za kazi na siku za mapumziko hazifanani hata kidogo kwa watu wengi, na siku 3 zikichukuliwa ovyo zinaweza kukuonyesha mtu mwingine kabisa.

Kila asubuhi andika namba za jana kwenye karatasi. Nasema karatasi kwa makusudi: ukienda kuziandika ndani ya simu, umeshafungua simu. Andika dakika za kila programu ya mitandao, mara ulizofungua simu, na programu uliyoigusa kwanza baada ya kuifungua. Hii ya tatu iPhone hukuonyesha moja kwa moja. Kwenye Android tazama kila programu imefunguliwa mara ngapi, inatosha.

Kipimo nacho kina makosa yake, na asiyeyajua husoma namba vibaya. Kosa la kwanza ni makundi. iPhone hupanga programu kwa aina, na kundi la mitandao ya kijamii halibebi kila unachodhani limebeba. TikTok na YouTube mara nyingi huwekwa kwenye burudani. Mtu huona dakika 50 za mitandao akashusha pumzi, kumbe dakika 90 nyingine zimekaa mstari wa chini yake. Achana na jumla ya kundi. Jumlisha programu moja moja kwa mkono.

Kosa la pili ni WhatsApp. Ndani ya namba yake moja mna simu ya video uliyompigia mzazi, mna maelekezo ya kazi, na mna stetasi 60 ulizozipitisha kwa kidole ukiwa umelala chali. Usizitupe zote kwenye kapu la muda uliopotea, wala usizisamehe zote. Kwa siku 2 tu kati ya zile 7, weka alama ya mstari kwenye karatasi kila unapofungua stetasi au kundi ambalo hukuwa na la kujibu. Utajua mgawanyo wake bila kuhitaji programu nyingine.

Kisha kuna mambo madogo. Habari uliyoifungua kwa kubofya kiungo ndani ya Facebook inahesabiwa kama muda wa Facebook, hata kama umesoma makala ya maana kwa dakika 20. Kwenye iPhone, ukiwa umeruhusu vifaa vyako vihesabiwe pamoja, dakika za mtoto anayecheza na tableti yako zitaangukia kwako. Na kipimo cha simu hakijui lolote kuhusu kompyuta: anayefanya kazi mezani huku ukurasa wa X (zamani Twitter) ukiwa wazi pembeni anaweza kuwa na simu yenye rekodi safi na siku iliyochafuka.

Anayechungulia na anayezama

Chukua watu 2 ambao rekodi zao zote zinasoma saa 3 kwa siku. Wa kwanza ameingia mitandaoni mara 110. Gawa dakika 180 kwa 110 na utapata sekunde 98 hivi kwa kila mara. Wa pili ameingia mara 12, na kwa wastani kila mara amekaa dakika 15. Jumla ni ileile, lakini hawa hawaumwi ugonjwa mmoja, na dawa ya mmoja haimfai mwenzake. Hapa ndipo ushauri mwingi wa kupunguza muda unapoharibikia.

Yule wa kwanza anachungulia. Akiwa macho kwa saa 16, mara 110 ni sawa na kuingia kila baada ya dakika 9. Ukimwekea kikomo cha saa 2, hakitamgusa mpaka jioni, na kufikia hapo mchana wake umeshakatwakatwa vipande. Hasara yake kubwa haimo ndani ya zile sekunde 98. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, aliyefuatilia wafanyakazi wa ofisini kwa miaka mingi, alikuta kwamba aliyekatizwa kazi huchukua dakika 23 hivi kuirudia, kwa kuwa katikati hushika mambo mengine kwanza. Mtu wa aina hii jioni husema amechoka na hakuna alichomaliza, na anasema kweli.

Wa pili anazama. Asubuhi anafanya kazi vizuri. Saa 3 usiku anajinyoosha, anafungua video moja, na akiinua macho ni saa 5 kasoro. Kumwambia azime arifa ni kumpa dawa ya macho anayeumwa jino.

Gawa basi dakika zako kwa idadi ya mara ulizoingia. Ukipata chini ya dakika 3, anza na dawa za kuchungulia. Ukipata zaidi ya 10, nenda kwenye za kuzama. Walio katikati huwa na vyote viwili kwa saa tofauti za siku, na kwao ni bora kuanza na kuchungulia, kwa sababu kuzama kwingi huanza na kuchungulia kusikokuwa na sababu.

Kumzuia anayechungulia

Ushauri unaotolewa kwanza huwa ni kuzima arifa. Zima, ni sahihi, ila usitegemee makubwa. Maxi Heitmayer na Saadi Lahlou wa chuo cha LSE cha London waliwavalisha watu kamera ndogo ili waone nini hasa huwafanya washike simu, na katika matokeo yao ya 2021 karibu mara 9 kati ya 10 mtu alishika simu mwenyewe, bila kuitwa na arifa yoyote. Mkono umezoea. Umezoea kwa sababu zawadi haina ratiba: leo ukichungulia unakuta ujumbe mtamu, mara 4 zinazofuata hukuti kitu, ya tano unakuta picha ya rafiki wa zamani. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alishaonyesha kwa njiwa, miongo mingi kabla ya simu hizi, kwamba zawadi inayokuja bila mpangilio hujenga mazoea sugu kuliko inayokuja kila mara.

Kwa hiyo dawa ya kuchungulia ni kuurefusha mlango. Kila hatua unayoiongeza kati ya kidole na ukurasa inampa mtu nafasi ya kujiuliza amekuja kufanya nini. Sekunde 15 au 20 zinatosha.

Anza kwa kuondoa programu hizo kwenye skrini ya mwanzo. Hili peke yake ni dhaifu, kwa sababu baada ya siku chache kidole hujifunza njia mpya ya kutafuta jina. Ongeza la pili: ondoka kwenye akaunti kila unapomaliza, na usiruhusu simu ihifadhi nywila. Nywila ya herufi 16 unayolazimika kuiandika mwenyewe hupunguza kuingia kuliko ujumbe wowote wa kukukumbusha. La tatu, lenye nguvu kuliko yote, ni kufuta programu na kuutumia mtandao ule kwa kivinjari. Facebook, Instagram na X hufunguka kwa kivinjari, polepole zaidi na kwa usumbufu zaidi, na usumbufu ndio unaoutaka. Akaunti yako haifutiki. Unafuta mlango wa mbele na kubaki na wa uani.

Kuhusu arifa, kanuni inayofanya kazi ni hii: acha zinazotoka kwa mtu anayekuhitaji wewe, zima zinazotoka kwa mashine. Ujumbe wa dada yako ni mtu. "Fulani ameweka picha baada ya muda mrefu" ni mashine. Zima pia ile alama nyekundu yenye namba juu ya programu. Wengi huzima mlio wakaiacha alama, na alama ndiyo inayowaita kila wanapofungua simu kutazama saa.

Makundi ya WhatsApp yanataka uangalifu wake. Kunyamazisha kundi kunaondoa mlio, lakini kundi linabaki juu ya orodha, na ujumbe mpya unalipandisha kila dakika. Linyamazishe daima, kisha lihamishie kwenye gumzo zilizohifadhiwa (Archive). Hakikisha kwenye mipangilio ya gumzo umechagua yaliyohifadhiwa yabaki huko hata ujumbe mpya ukiingia. Bila hiyo yatarudi. Pangia makundi hayo vipindi 2, tuseme saa 7 mchana na saa 1 jioni, na waambie mapema watu wanaokutegemea: "Kama ni la haraka, nipigie." Sentensi hiyo ni muhimu. Watu wengi hushindwa kuacha makundi kwa hofu ya kupitwa na msiba au mgonjwa, na hofu hiyo si ya kubezwa. Wakijua njia ya kukufikia, mkono wako hautakuwa na kisingizio.

Zima na upakuaji wa picha na video wa otomatiki wakati uko humohumo. Kundi lenye watu 200 likiacha kukujazia simu video, unafungua zile tu unazozitaka.

Mwisho kuna umbali. Simu ikiwa mfukoni au juu ya meza, hatua zote hizo zinapimwa kwa sekunde. Ikiwa chumba cha pili, zinapimwa kwa kunyanyuka. Kwa kazi ya dakika 45, iache chumba cha pili na mlio wa simu zinazopigwa ukiwa wazi. Usiku ichajiwe nje ya chumba cha kulala. Kinachokwamisha hapa karibu kila nyumba ni kengele ya kuamkia: simu inarudi kitandani kwa kazi ya kuamsha, na inashikwa kabla mtu hajakaa sawa. Nunua saa ya kengele ya kawaida. Ni kifaa kidogo kuliko vyote katika makala hii, nami naona ndicho kinacholeta mabadiliko ya haraka kuliko vyote.

Kumtoa anayezama

Zamani ukurasa ulikuwa na mwisho. Ulifika chini, ukakuta namba 2, 3, 4, na ukalazimika kuamua. Aza Raskin, mbunifu aliyetengeneza mtindo wa ukurasa usiokwisha mwaka 2006, amekiri hadharani kwamba anajutia ulivyokuja kutumika. Video fupi zimezidisha. Video ya sekunde 20 ikifuatwa na nyingine, nusu saa ni video 90, na katika hizo 90 hukuombwa uamuzi hata mara moja wa kuendelea. Kwa hiyo mtu anayezama hakosi nguvu ya kuacha. Anakosa mahali pa kuachia. Kazi ni kumrudishia.

Vikomo vya muda ndivyo watu hukimbilia, na ndivyo vinavyovunjwa kwa urahisi kuliko vyote. Kwenye Android kipima muda kikiisha programu hugeuka kijivu, lakini mwenye simu anaweza kwenda kukifuta mwenyewe kwa kugusa mara chache. Kwenye iPhone kikomo kisichofungwa kwa namba ya siri hutoa nafasi ya kukipuuza kwa dakika 15 au kwa siku nzima. Rekebisha hivi: weka namba ya siri ya Screen Time, mpe mtu unayeishi naye aiandike yeye bila wewe kuiona, kisha washa chaguo la kuzuia kabisa muda ukiisha. Na kikomo chenyewe kisiwe cha kishujaa. Anayetumia dakika 150 akijiwekea 30 atakipuuza siku ya pili, na akishazoea kupuuza, kikomo kimekufa. Punguza moja ya tano kila wiki: kutoka 150 hadi 120, kisha 95, kisha 75. Wiki moja ikikushinda, rudia namba ileile wiki inayofuata.

Badala ya kupigania mwisho, panga mwanzo wenye mwisho wake. Fungua mtandao dakika 20 kabla ya jambo lisilosubiri: kutoka kwenda kazini, kikao, kumfuata mtoto shuleni. Ukifungua saa 3 usiku, ukiwa umelala, huna linalokuja kukuinua isipokuwa usingizi, na mwanga na mazungumzo ya skrini vinausogeza mbele. Kukaa wima mezani nako kunasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa shingo na mgongo hukwambia mapema kwamba muda umekwenda.

Ndani ya programu zenyewe kuna vya kubana. YouTube: zima uchezaji wa otomatiki, kisha zima historia ya kutazama na ufute iliyopo, ukurasa wa mwanzo utabaki mtupu, na utatazama ulichokitafuta tu. Instagram na Facebook zina mwonekano wa unaowafuata peke yao, kwa mpangilio wa muda. Unauchagua kila unapoingia, kwa hiyo ni kero, lakini unakurudishia kitu adimu: unafika kwenye posti ya jana uliyokwisha kuiona, na unajua umemaliza.

Rangi nazo ni chambo. Kwenye sehemu ya Ufikivu (Accessibility) ya mipangilio, weka skrini nzima iwe ya kijivu. Kwenye iPhone unaweza kuifungia kwenye kitufe cha pembeni, ukibonyeza mara 3 rangi inaondoka au inarudi. Kwenye Android hali ya wakati wa kulala inaweza kuiwasha yenyewe kila siku saa 3 usiku. Ramani na picha za familia zitakulazimu kurudisha rangi mara kwa mara, na hapo ndipo watu husahau kuizima tena. Ratiba ya kila usiku ni ya kutegemewa zaidi kuliko kuamua kila mara.

Muda ukirudi, unakwenda wapi?

Kuna jaribio kubwa ambalo Hunt Allcott na wenzake walilichapisha 2020. Waliwalipa watu nchini Marekani wazime akaunti zao za Facebook kwa wiki 4 kabla ya uchaguzi wa 2018. Kwa wastani kila mmoja aliokoa kama dakika 60 kwa siku. Nyingi ziliishia nje ya intaneti: kukaa na ndugu na marafiki, na pia kutazama runinga peke yao. Hali zao za moyo ziliboreka kidogo, ujuzi wao wa habari ukapungua, na hata walipolipwa na kuruhusiwa kurudi, waliendelea kuitumia kidogo kuliko mwanzo. Melissa Hunt wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alifanya jambo jepesi zaidi 2018: wanafunzi 143, na waliopangiwa kupunguza walipewa dakika 10 kwa siku kwa kila mtandao, mitandao mitatu, wiki 3. Upweke na huzuni vilipungua kwao. Hawakuacha, walipunguza tu.

Angalia hilo la runinga. Dakika 60 zisizo na jina hujazwa na skrini iliyo karibu. Zipe jina kabla hujafuta programu yoyote, na liwe la kitu kilicho mkononi: kitabu kiwe kwenye mto pale simu ilipokuwa, viatu vya kutembelea viwe mlangoni. Kitabu cha kurasa 300, kwa dakika 2 kila ukurasa, ni saa 10. Kwa dakika 60 za kila siku kinaisha kwa siku 10. Na kama ulikuwa ukipata habari zako zote mitandaoni, chagua chanzo kimoja cha habari utakachokisoma kwa makusudi, maana pengo hilo litakuja.

Wanaouza au wanaotangaza kazi zao mitandaoni hawawezi kufuta programu. Wao watenganishe kuweka na kuangalia. Maandishi na picha viandaliwe nje ya mtandao, posti zipangiwe muda kwa zana za kurasa za biashara, na majibu kwa wateja yawe na vipindi vya dakika 20, ikiwezekana kwa kompyuta. Kinachowameza wengi ni zile dakika 40 za baada ya kuweka posti, wakirudi kuhesabu waliopenda.

Baada ya wiki 4, pima tena siku 7 na uweke karatasi mbili sambamba. Tazama kwanza idadi ya mara ulizoingia, ndipo utazame dakika. Dakika zikiwa zimepungua na mara zikabaki palepale, bado unachungulia, ila kwa haraka zaidi. Rudi kwenye nywila ndefu na chumba cha pili. Mara zikiwa zimepungua na dakika zikabaki, kuna kipindi kimoja kirefu mahali fulani, na grafu ya saa kwa saa kwenye simu itakuonyesha kimejificha wapi. Kwa wengi kiko kati ya saa 3 na saa 6 usiku, na kinaondoka siku chaja inapohamishiwa sebuleni.